Ufadhili kamili ng'ambo: Ombi la mwaka haliandikwi usiku mmoja

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila mwaka, kati ya Agosti na Januari, vijana wengi wa Kenya waliokwisha kupata shahada ya kwanza huinama kutafuta kitu kimoja: ufadhili kamili wa kusomea shahada ya uzamili ng'ambo. Wengi hurudi mikono mitupu.

Hata hivyo, ukichunguza kwa makini utagundua kuwa si wote walioangushwa na uhaba wa akili au alama. Wapo walioangushwa na barua iliyoandikwa haraka haraka usiku wa makataa. Wapo walioangushwa na mhadhiri aliyepashwa habari siku mbili kabla, ama na cheti kilichozuiliwa chuoni kwa ajili ya deni la karo. Na wapo, la kusikitisha zaidi, walioangukia mikononi mwa tapeli aliyekula akiba ya jamaa nzima.

Makala haya yanalenga mambo ambayo mwombaji anaweza kuyarekebisha mwenyewe. Huwezi kubadilisha alama ulizopata miaka mitano iliyopita. Lakini waweza kubadilisha namna unavyotumia miezi kumi na miwili ijayo.

UFADHILI KAMILI NI UPI?

Kwanza, tuweke wazi jambo linalowachanganya wazazi wengi. Kukubaliwa na chuo kikuu si kufadhiliwa. Barua ya kusema kwamba umepata nafasi huko Manchester au Toronto ni sawa na kuonyeshwa mlango. Kiingilio bado hakijalipwa, na anayetarajiwa kukilipa ni wewe.

Ufadhili kamili ni ule unaogharimia karo yote, posho ya kila mwezi ya chakula na malazi, nauli ya ndege, viza na bima ya afya. Kila mfadhili ana mpangilio wake. Wengine hulipa kila kitu kivyake, na wengine hukupa kiasi kimoja cha kila mwezi na kukuachia ujipangie nauli na viza. Kama kuna jambo lisilotajwa katika barua ya mfadhili, uliza nani atalilipa kabla hujatia sahihi.

Tuchukue mfano wa Ujerumani. Huko vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo, na ndiyo maana utasikia watu wakisema kuwa kusoma Ujerumani ni bure. Lakini mwanafunzi anayejilipia huombwa aonyeshe kwamba ana fedha za kumkimu kwa mwaka mzima kabla ya kupewa viza. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho kimekuwa Euro 11,904, na kwa kawaida huwekwa katika akaunti maalum anayoruhusiwa kutoa sehemu yake kila mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu za Kenya. Mwenzake aliyefadhiliwa huonyesha barua yake ya ufadhili tu. Hapo ndipo utakapoiona tofauti kati ya karo ya bure na ufadhili kamili.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Mnamo Septemba 1959 ndege iliyowabeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kuelekea Marekani chini ya mpango ulioongozwa na hayati Tom Mboya. Wengi wao walikuwa wamepewa nafasi na msaada fulani na vyuo vya huko, lakini wazazi na majirani walichanga pesa vijijini ili kijana wao asiende mikono mitupu. Mwaka uliofuata, 1960, hayati Wangari Maathai naye akaenda chuoni Atchison, Kansas, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka wa 1966. Siku hizi mfadhili yuko tayari kulipa peke yake, ila anadai ushahidi mwingi zaidi. Kijiji hakiombwi kuchanga tena. Ni mwombaji anayeombwa kujieleza.

KILA MFADHILI ANA LAKE

Kosa la kwanza la waombaji wengi ni kuandika barua moja na kuituma kila mahali, wakibadilisha tu jina la nchi. Mfadhili si mtu wa kugawa sadaka. Analo analolitafuta, na usipolijua utakuwa unajibu swali ambalo hukuulizwa.

Chevening, ambao ni ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka wa 1983, hutafuta watu watakaokuja kuwa viongozi na wenye ushawishi katika fani zao. Ndiyo sababu maswali yake huhusu uongozi, mahusiano uliyojenga na watu wengine, sababu ya kusomea Uingereza na mpango wako wa kazi. Mwombaji anatakiwa awe amefanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, yaani saa 2,800. Kazi ya kujitolea pia huhesabiwa, jambo ambalo wengi hawalijui. Aidha, mwombaji huchagua kozi tatu, na anapaswa kuomba nafasi katika vyuo hivyo yeye mwenyewe. Wapo waliofaulu mahojiano kisha wakakwama kwa kudhani kwamba Chevening ingewatafutia nafasi chuoni.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao uliasisiwa mwaka wa 1959. Fomu zake husisitiza maendeleo: masomo haya yatainufaisha vipi nchi yako, na kwa njia gani hasa? Upo mpango wake mmoja unaogharimiwa kwa pamoja na vyuo vya Uingereza, uliowekewa watu wasioweza kujilipia masomo huko. Mwombaji hapaswi kuona haya kueleza hali yake ya kifedha ilivyo.

Shirika la DAAD la Ujerumani liliundwa mwaka wa 1925 na lina ofisi jijini Nairobi. Katika mpango wake wa kozi zinazohusu maendeleo, kwa kawaida huwataka watu wenye tajriba ya angalau miaka miwili kazini, na ambao shahada yao ya mwisho haijapita miaka sita. Ukikaa miaka minane ukisema "mwaka ujao nitaomba", mlango huo unaweza kufungwa ukiutazama. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Tena DAAD ni wakali kuhusu mambo madogo. Wasifu huandikwa kwa mtindo wa Europass, na barua ya kueleza nia yako sharti iwe na sahihi ya mkono.

Kwa kijana aliyemaliza chuo juzi na asiye na miaka miwili ya kazi, mlango wa kubisha ni Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, ulioanza mwaka wa 2004. Hata mwanafunzi aliye katika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza anaweza kuomba. Kozi moja huendeshwa na vyuo vya nchi kadhaa, na mwanafunzi husoma katika nchi zisizopungua mbili. Posho ni Euro 1,400 kwa mwezi, karibu shilingi laki mbili, na kutokana na hizo ndipo unapopanga nauli na viza. Maombi hupelekwa moja kwa moja kwa wanaoendesha kozi yenyewe, na kila kozi ina makataa yake. Hapa wanaangalia zaidi alama zako na jinsi ulichosoma kinavyoingiana na kozi unayoiomba.

Serikali ya Japani pia imekuwa ikiwafadhili wanafunzi wa kigeni tangu 1954, na Wakenya huomba kupitia ubalozi wake Nairobi. Anayeomba kwenda kufanya utafiti hutakiwa kuwa na mpango wa utafiti ulioandikwa vizuri, na hupitia mtihani na mahojiano. Anayependa kuongoza watu lakini hajui atafiti nini asianzie hapa.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika neno lolote, chagua wafadhili wawili au watatu wanaotafuta mtu kama wewe. Maombi matatu yaliyofanyiwa kazi yana heri kuliko kumi na tano yaliyonakiliwa.

MAKARATASI KWANZA

Ungedhani vyeti ndilo jambo rahisi kuliko yote. Ukweli ni kwamba huko ndiko wengi hukwama. Cheti cha KCSE, cheti cha shahada na nakala ya matokeo ya kila mwaka chuoni vinapaswa kuwa mikononi mwako miezi kadhaa kabla ya makataa. Kama una deni la karo, chuo huenda kikazuia cheti chako, na deni la miaka minne halilipwi kwa wiki moja. Wapo pia ambao nakala zao za matokeo zina pengo kwa sababu alama ya somo moja haikuingizwa. Kuirekebisha hiyo ni safari ya kwenda idarani, kisha kwa msajili, kisha kurudi idarani tena.

Jambo jingine linalowasumbua Wakenya, hasa akina mama, ni majina. Cheti cha shule kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, na baada ya ndoa pasipoti ikaongezwa jina la mume. Kwetu hilo si ajabu, lakini kwa karani aliyeketi Berlin au London hao ni watu watatu tofauti. Mwone wakili mapema akuandalie hati ya kiapo, au hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa, na majina yalingane kabla ya fomu kujazwa.

Kuhusu Kiingereza, vyuo vingine hudai mtihani kama ule wa IELTS, ambao ada yake si ndogo. Lakini vipo vinavyoridhika na barua kutoka chuo chako inayothibitisha kuwa ulifunzwa kwa Kiingereza. Soma masharti ya kila kozi kabla ya kukopa pesa za mtihani usiohitajika.

Mwisho, ukipeleka makaratasi kupigwa picha katika saiba, yasome kwenye kompyuta kabla ya kuondoka. Cheti kilichokatwa pembeni au chenye kivuli cha kidole hakisomeki, na hakuna atakayekupigia simu kukuomba utume kingine.

NANI ATAKUPENDEKEZA?

Wafadhili wengi huomba barua kutoka kwa watu wawili wanaokujua kimasomo au kikazi. Hapa Wakenya tuna udhaifu wa kukimbilia wakubwa. Utamwona kijana akihangaika wiki tatu kutafuta barua ya mbunge au ya mkurugenzi ambaye hajawahi hata kumwona akifanya kazi. Barua kama hiyo husema tu kwamba huyu ni kijana mwadilifu anayetoka katika jamii nzuri. Haimsaidii. Mhadhiri wa kawaida aliyeusimamia mradi wako wa mwisho, au msimamizi aliyekuona ukitatua tatizo kazini, ana mengi zaidi ya kusema.

Mwendee mapema, angalau wiki sita kabla. Mhadhiri amefunza mamia ya wanafunzi na si dharau akikusahau. Mkumbushe mwaka uliosoma, somo alilokufunza na kichwa cha mradi wako. Mpe wasifu wako, maelezo ya kozi unayoiomba na tarehe ya mwisho. Mweleze kama barua itapakiwa mtandaoni na yeye mwenyewe, na umwombe atumie anwani rasmi ya chuo au ofisi. Kisha mkumbushe kwa adabu wiki mbili kabla, na tena wiki moja kabla. Akishatuma, mshukuru. Huenda ukamhitaji tena mwakani.

BARUA INAYOSEMA KITU

Sasa tufike kwenye kiini. Barua ya kueleza nia yako, ama majibu ya maswali ya mfadhili, ndiyo sauti yako pekee mbele ya watu wasiokujua. Ili jambo hili lieleweke, hebu tutunge mfano wa muuguzi anayefanya kazi katika zahanati moja kaunti ya Tana River, na ambaye anataka kusomea afya ya umma. Anaweza kuanza hivi:

"Mimi ni mtu mwenye bidii na nidhamu. Tangu utotoni nimependa kuwasaidia watu. Uingereza ina vyuo bora zaidi ulimwenguni na nitafurahi sana nikipewa nafasi hii adhimu ili nikirudi nisaidie nchi yangu."

Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba barua hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, kutoka kijiji chochote, kuhusu kozi yoyote. Anayesoma mamia ya barua ameshaisoma hiyo asubuhi ile ile mara ishirini. Sasa muuguzi huyo huyo ajaribu tena:

"Kwa miaka mitatu nimefanya kazi katika zahanati iliyo karibu na mto Tana. Mafuriko yanapokata barabara, akina mama hushindwa kufika kliniki na watoto hukosa chanjo. Mwaka wangu wa pili tuliandika orodha ya watoto wa kila kijiji, tukawapa wahudumu wa afya ya jamii ili wawafuatilie maji yakipungua. Naamini mpango ulisaidia, lakini nilipoombwa na wakuu wangu nithibitishe kwa takwimu, sikuweza. Kozi hii ina somo la kupima mafanikio ya miradi ya afya. Hilo ndilo ninalolikosa."

Tazama kilichobadilika. Tunajua mahali. Tunajua tatizo. Tunajua alichofanya kwa mikono yake, bila kungoja kupelekwa ng'ambo. Na muhimu kuliko yote, tunajua asichokijua, na kwa nini kozi hiyo ndiyo dawa. Ukisoma aya hiyo huhitaji kuambiwa kwamba ana bidii. Umeiona.

Kwa hivyo kila unapoandika sifa, jiulize: nilifanya nini, wapi, na nani, na kukatokea nini? Uongozi si lazima uwe cheo. Aliyeanzisha zamu ya kuchota maji katika bweni, au aliyewashawishi wenzake kazini kubadilisha utaratibu mbovu, ameongoza. Andika kilichotokea kweli, maana katika mahojiano utaulizwa habari zake.

Na tahadhari moja ya siku hizi. Programu za akili bandia zinaweza kukuandikia barua laini kwa dakika moja, lakini wafadhili wameanza kuzitambua na baadhi yao huonya kwamba ombi la aina hiyo litakataliwa. Isitoshe, programu haijui habari za mto Tana. Itakuandikia ile barua ya kwanza kwa Kiingereza kizuri zaidi.

Ukishaandika, iache siku tatu. Kisha mpe mtu mmoja anayejua fani yako na mtu mmoja asiyeijua kabisa. Kama huyo wa pili hawezi kukueleza kwa sentensi mbili unataka kusomea nini na kwa nini, kaiandike upya.

MAHOJIANO

Ukiitwa kwa mahojiano, jua kwamba makaratasi yako yamekubalika. Sasa wanataka kujua kama aliyeandika ndiye wewe. Isome barua yako tena hadi uijue. Tarajia kuulizwa kuhusu jambo lililokushinda na ulijifunza nini, kwa nini ulichagua kozi ile na si nyingine, na utafanya nini mwaka wa kwanza ukirudi. Jibu fupi lenye mfano mmoja hupita hotuba. Yakifanywa kwa video, tafuta mahali penye stima na mtandao wa kutegemewa, hata kama ni kuomba chumba kwa rafiki, na mtoto awe ameachiwa mtu wa kumtunza saa hiyo.

NYUMBA UNAYOIACHA

Hili ndilo jambo lisilozungumzwa. Ufadhili kamili ni kamili kwa mwanafunzi. Si kamili kwa nyumba yake. Mshahara ukikatika, mkopo wa benki haukatiki. Marejesho ya HELB yapo. Mchango wa chama upo. Karo ya watoto ipo, na mama mzazi kijijini bado anahitaji dawa zake za presha.

Wapo waombaji wanaoficha ombi hadi barua ya kufaulu itoke, wakidhani watampa mume au mke habari njema ya ghafla. Mwenzako hapaswi kuarifiwa kwamba unaondoka baada ya miezi mitatu na kumwacha na mtoto wa miaka miwili. Hilo si jambo la kuarifiwa, ni jambo la kushauriana. Kaeni chini mapema, mwandike kila gharama ya nyumba kwa mwezi, na mkubaliane itatoka wapi. Nani atamchukua mtoto shuleni? Nani atatia sahihi hospitalini? Aliyeajiriwa aulize kuhusu likizo ya masomo, na kama ni yenye mshahara au la, kabla ya kujaza fomu.

Wanaotarajia kuandamana na familia wasome masharti kwa makini. Wafadhili wengi, Chevening wakiwemo, hawalipii mume, mke wala watoto. Isitoshe, tangu Januari 2024 Uingereza ilikaza kanuni na kuwazuia wanafunzi wengi wa uzamili kwenda na familia zao, ingawa wale waliofadhiliwa na serikali waliachiwa nafasi. Hata hapo, gharama ya viza na ya maisha ya familia ni yako mwenyewe.

Vilevile, jamaa waelezwe ukweli kuhusu posho. Imepigiwa hesabu ya mtu mmoja kula, kulala na kupanda basi katika mji wa bei ghali. Si mshahara. Mwanafunzi anayejinyima chakula ili atume pesa nyumbani kila wiki hatadumu, na masomo yake yatayumba. Mkikubaliana kiasi kidogo kinachowezekana kabla ya safari, mtaepuka lawama za "tangu aende Ulaya ametusahau".

Tena kuna gharama za kabla ya safari ambazo posho haizifikii: pasipoti, nauli ya kwenda na kurudi Nairobi, na makaratasi ya wakili. Wanaokwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hupimwa pia kifua kikuu. Weka akiba ndogo kwa mambo hayo tangu siku ya kuomba.

Kuhusu kurudi, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Chevening humtaka aliyefadhiliwa arudi nchini mwake kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya masomo. Kama nia yako ni kuhamia huko moja kwa moja, huo si mlango wako, na ni heri ulijue hilo kabla hujatia sahihi.

JIHADHARI NA MATAPELI

Mwaka wa 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa kupitia mpango wa kaunti wa kuwapeleka watoto wao kusoma Finland na Canada. Kuna waliouza mashamba na mifugo. Mambo hayo yalifikishwa mahakamani. Tusisahau kwamba katika mpango ule mzazi ndiye aliyekuwa akilipa. Haukuwa ufadhili kamili.

Tapeli hutumia mkanganyiko huo huo. Atakwambia umefaulu ilhali hukuomba. Atasema zimesalia nafasi mbili. Atataka "ada ya kushughulikia faili" kwa M-Pesa, katika nambari ya mtu binafsi. Atakuahidi kwamba yeye ana mtu ndani. Chevening, kwa mfano, hawatozi ada ya kuomba wala hawatumii mawakala. Kanuni ni rahisi: mfadhili wa kweli anakupa pesa, hakuombi. Ukitiliwa shaka na barua yoyote, wasiliana na ubalozi au ofisi ya mfadhili yenyewe, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe na si ile uliyopewa na anayekuuzia.

KALENDA YA MWAKA MMOJA

Kwa anayetaka kuondoka Septemba au Oktoba ya mwaka ujao, mpango uwe hivi. Kati ya Januari na Machi mwaka huu, shughulikia vyeti, majina na pasipoti. Aprili hadi Juni, soma kuhusu kozi na wafadhili, uchague wawili au watatu, na mzungumze nyumbani. Julai, waendee wapendekezaji na uanze kuandika. Fomu za Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Kozi nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Za DAAD hutofautiana, kila kozi na tarehe yake. Mahojiano na majibu huja katika nusu ya kwanza ya mwaka unaofuata.

Na ukikataliwa? Kataa kufa moyo, lakini pia kataa kutuma barua ile ile. Wafadhili wengi huruhusu mtu kuomba tena, na wapo Wakenya wengi waliofaulu mara ya pili au ya tatu. Swali ni moja: tangu mwaka jana, umefanya nini kipya cha kuandika? Huyo muuguzi wetu wa Tana River, akikosa, atakuwa na mwaka mwingine wa mafuriko, orodha nyingine ya watoto, na pengine safari hii atakuwa ameandika takwimu. Hata ufadhili usipokuja, watoto watakuwa wamechanjwa.

Leo ni Jumapili, na ofisi zimefungwa. Lakini jioni waweza kufungua sanduku la makaratasi ukaangalia ni cheti kipi kinachokosekana, na jina lipi lisilolingana. Kesho ni Jumatatu, na msajili wa chuo atakuwa kazini saa mbili asubuhi.